Bodikiti Pana Haitoki, au Imetoka na Balaa Lake: Dalili, Chanzo na Dawa

"Fundi, nivulie hii kitu, gari lirudi kama lilivyokuwa. Jioni napita kulichukua."

Kijana aliyeniambia hivyo alikuwa ameliegesha chini ya mwarobaini, Subaru Impreza ya buluu, madigadi yote manne yamevimba kama mashavu ya mpiga zumari. Sikumjibu. Niliinama, nikaingiza mkono kati ya tairi ya nyuma na madigadi, nikatafuta kwa kidole ule ukingo wa bati uliokunjwa ambao gari hutoka nao kiwandani. Haukuwepo. Kidole kiligota kwenye bati lililokatwa kwa grainda, makali yake yamefura kutu, na unga mwekundu ukanimwagikia kiganjani.

"Jioni ya siku gani?" nikamuuliza.

Kuvua bodikiti pana, yaani vile vipande vya faibaglasi vinavyofungwa juu ya madigadi ili gari lionekane pana, ni kazi ya siku moja, na ukiwa na msaidizi mzuri hata nusu siku. Kinachokula siku ni kile unachokikuta chini yake. Kwa hiyo shida nyingi nitakazozieleza hapa hazikuanza siku ya kuvua. Zilianza siku ile aliyefunga alipoamua akate au asikate, azibe au aache wazi. Na huku kwetu Malindi, upepo wa bahari ukishaingiza chumvi kwenye bati lililoachwa wazi, misimu miwili ya kusi inatosha kukuonyesha aliyekuwa mvivu.

KABLA HUJASHIKA DRILI

Pandisha gari kwa jeki, weka stendi, vua magurudumu yote. Vua na zile plastiki za ndani ya madigadi kama bado zipo (mara nyingi hazipo, zilitupwa ili tairi pana ipate nafasi). Washa tochi, kagua vitu viwili. Kwanza, bati la asili limekatwa? Pili, bodikiti imeshikwa na nini: ribiti, bolti, skrubu, utepe wa gundi wa pande mbili, gundi nzito ya kioo cha mbele, au vyote kwa pamoja?

Madigadi ya mbele yasikutishe. Kwa magari mengi ya Kijapani yamefungwa kwa bolti tu, zile za spana namba kumi, na yaliyokatwa unaweza kuyatupa ukanunua mengine yaliyotumika. Ya nyuma ndiyo yenye kesi. Ubavu wa nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe, umechomelewa tangu kiwandani, na pale kwenye ukingo wa upinde mabati mawili hukutana, la nje na la ndani. Ukikata ukingo ule umeyaachanisha. Katikati yao panabaki mfuko, na mfuko huo hunywa maji, mchanga na chumvi.

Msikubaliane bei na mteja kabla ya ukaguzi huu. Mimi nilishafanya hivyo, na kazi ile nililipia gesi ya kuchomelea kutoka mfukoni mwangu.

DALILI: RIBITI NA SKRUBU ZOTE ZIMETOKA, LAKINI HAITIKISIKI

Usivute. Faibaglasi hupasuka, na ikiwa imeshikwa na gundi nzito itaondoka na rangi mpaka bati jeupe. Gonga kwa kifundo cha kidole ukizunguka ukingo wote. Palipo na mlio wa wazi hapana kitu, palipo na mlio uliokufa kuna gundi au fila, ile lahamu ya kusawazishia bodi kabla ya rangi.

Chanzo cha kwanza ni viungio vilivyojificha. Tazama pale bodikiti inapokutana na bampa, chini karibu na kizingiti cha mlango, na ndani kabisa ya mlango ukiufungua. Wafungaji hupenda kuweka skrubu moja pale ambapo macho hayafiki, kisha wanaifunika kwa fila na rangi. Sumaku ndogo itakuambia. Ikishika juu ya faibaglasi, chini yake kuna chuma.

Chanzo cha pili ni utepe wa pande mbili, na huu dawa yake ni joto. Hapa jua ni letu sote. Liegeshe gari juani tangu saa nne, ubavu unaoushughulikia ukielekea jua, na kufikia saa saba utepe umelegea wenyewe. Kisha chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene, uzungushe ncha mbili kwenye vijiti ili usikukate mikono, upitishe nyuma ya ukingo uwe unavuta huku na huku kama msumeno. Ule uliosukwa kwa nyuzi hukata vizuri kuliko ule laini wa nailoni. Mvuvi mmoja alinikuta katika hali hiyo akaniuliza nategea changu au tafi.

Chanzo cha tatu ni ile gundi ya kioo, na hii haitaki mchezo. Joto huilegeza kidogo tu, haliiyeyushi, na ukizidisha moto wa mashine rangi inatoka malengelenge na faibaglasi yenyewe inapinda. Tumia waya wa chuma wa kukatia vioo. Bandika utepe wa karatasi juu ya rangi ya ubavu pale waya utakapopita, maana waya ukiteleza unachora mfereji. Usijaribu kuimaliza gundi yote mara moja. Acha tabaka jembamba kwenye bati, utalipunguza baadaye kwa wembe na msasa.

Kama ni fila iliyoziba mwanya wote, yaani bodikiti na ubavu vimefanywa kitu kimoja na kupakwa rangi pamoja, basi hakuna kuvua hapo. Ni kukata. Chora mstari kwa penseli sentimita moja upande wa bodikiti, kata kwa diski nyembamba bila kuzama, halafu teremsha kilichobaki kwa msasa hadi uone rangi ya zamani.

DALILI: RIBITI INAZUNGUKA NA BITI

Biti, yaani ncha ya drili, ikishika kichwa cha ribiti na ribiti ikaanza kuzunguka nayo, unaweza kukaa hapo mpaka adhana ya alasiri na hutatoboa kitu. Chanzo ni tundu lililopanuka. Ribiti za alumini zikikaa kwenye bati la chuma palipo na chumvi huliwa, utaona unga mweupe pembeni yake, na mshiko wake unalegea. Sukuma ncha ya bisibisi bapa chini ya kichwa kiinuke kidogo, bana, kisha toboa. Ikishindikana, kata kichwa kwa tindo kali.

Ribiti za kawaida za kazi hii ni za milimita 4.8. Tumia biti ya kipimo hichohicho. Kazi ya biti ni kula kichwa tu. Kichwa kikidondoka, sukuma mwili wa ribiti ndani kwa msumari na nyundo ndogo. Wanaochukua biti kubwa "ili iishe haraka" wanaongeza ukubwa wa tundu ambalo watalazimika kulichomelea baadaye.

Ikiwa biti inateleza, inalia, inatoa moshi na haili, ribiti hiyo ni ya chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kikipata moto kwa msuguano huzidi kuwa kigumu. Punguza mwendo wa drili, kandamiza kwa nguvu, tia tone la mafuta, na tumia biti yenye kobalti. Kukimbiza drili ndiko kunakoharibu.

DALILI: BOLTI INAZUNGUKA LAKINI HAITOKI

Hapa nyuma yake kuna nati ya aina ile inayobanwa ndani ya tundu la bati kama ribiti. Bolti imeshikana na nati kwa kutu, na nati imeachana na bati, kwa hiyo vyote viwili vinacheza pamoja. Mafuta ya kulainisha kutu peke yake hayasaidii, kwa sababu hakuna kinachoizuia nati.

Kama unaifikia kwa ndani, ibane kwa plaizi ya kujifunga, mwenzako afungue bolti kwa nje. Kama huifikii, ingiza tindo nyembamba kati ya ukingo wa nati na faibaglasi, mtu aivute kwa nje wakati wewe unafungua. Ikigoma, kata kichwa cha bolti kwa grainda, mengine yaanguke ndani. Kumbuka kuyatoa. Nati iliyosahaulika ndani ya ubavu itapiga kelele kila tuta, na mteja atarudi akikuambia umemharibia shokomzoba za nyuma.

Usitumie moto wa gesi kulegeza bolti hizi. Nyuma yake kuna sponji ya kuzuia kelele, nyaya na zulia la buti. Katika Impreza, ubavu wa kulia una bomba la kujazia petroli.

Nikiwa hapa niseme kuhusu vumbi. Faibaglasi ukiikata hutoa vinyuzi ambavyo huvioni, na usiku mzima utajikuna. Lowesha sehemu unayokata, vaa barakoa yenye chujio na miwani. Kikoi ulichojifunga puani si barakoa. Ukimaliza oga maji baridi kwanza.

DALILI: RANGI IMEACHA ALAMA YA BODIKITI

Umevua, umesafisha, na mstari wa bodikiti bado unauona ubavuni kama mtu aliyevua saa mkononi. Jua limeichosha rangi ya nje, iliyofunikwa imebaki ya siku ile. Paka dawa ya kung'arishia kwenye ile iliyochoka. Alama ikipungua, endelea. Isipopungua, tabaka la juu la rangi limekwisha na itabidi upulize upya ubavu mzima.

Ukienda kuchanganyisha rangi, usitegemee namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari peke yake. Namba hiyo itakupa rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani. Beba kifuniko cha tanki la petroli, kikalinganishwe. Na kama mwenye gari anaona bora abadilishe rangi kabisa, mwambie rangi imeandikwa kwenye hati ya gari, kwa hiyo asiishie kwa fundi, aende akairekebishe na hati yenyewe.

Mabaki ya utepe hutoka kwa mafuta ya taa na kitambaa. Usikimbilie thina. Kwenye rangi iliyopulizwa gereji thina hula rangi pamoja na gundi.

DALILI: CHINI YA BODIKITI HAKUNA BATI

Hii ndiyo iliyomlaza yule kijana wa Impreza bila gari. Tuliposhusha kipande cha nyuma kushoto, bati la nje lilikuwa limekatwa juu ya ukingo, karibu upana wa vidole vinne, na la ndani limekunjwa kwa nyundo. Aliyekata hakuziba chochote. Ndani ya ule mfuko nilikwangua mchanga mweupe wa pwani, majani makavu ya mvinje na kutu iliyobanduka kama magamba.

Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kupata kipande cha upinde kutoka gari lililovunjwa la aina ileile, na ukinunua mwambie muuzaji akukatie kikubwa kuliko unachohitaji. Ya pili ni kukunja kipande kipya kutoka bati la unene wa milimita 0.8. Ya pili ni rahisi mfukoni na ngumu mkononi, maana mviringo wa upinde haukubali makisio. Ikiwa upande mmoja umesalimika, chukua umbo lake kwa boksi gumu, ligeuze, lipeleke upande wa pili.

Kata kutu yote mpaka ufike bati linalolia vizuri ukiligonga. Ukichomelea juu ya bati lililoliwa, moto unatoboa na tundu linaongezeka kila ukilifuata. Kisha haya, na wala usiyapunguze: toa waya wa hasi wa betri, kompyuta ya gari isiungue; fungua bomba la petroli na uzibe tanki; toa zulia na sponji; weka ndoo ya maji na kitambaa kibichi, na mtu wa kuvishika. Mashine ya kuchomelea ya umeme inayolisha waya na gesi, waya wa milimita 0.6, ndiyo inayofaa bati hili. Ile ya vijiti iache kwa watengeneza mageti.

Chomelea nukta kwa nukta. Piga hapa, ruka kule, rudi katikati, uache papoe. Anayekokota mstari mrefu kwa pumzi moja atamaliza mapema, kisha ataona ubavu umejikunja mawimbi. Kwa matundu ya ribiti na nati, weka kipande cha shaba nyuma ya tundu. Bomba la shaba lililopondwa linatosha. Moto wa kuchomelea haushikani na shaba, kwa hiyo tundu linajaa bila kudondoka.

Mwisho unganisha bati la ndani na la nje, ziba mshono kwa gundi ya kuzibia mishono ya bodi, na mfuko wa ndani upulize nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ambayo wengine humimina humo hutiririka ikafika kwenye mpira wa tairi na breki.

DALILI: MIEZI MICHACHE BAADAYE RANGI INAFURA MALENGELENGE MADOGO YALIYOPANGANA

Hesabu malengelenge. Yakiwa yamekaa kwa mstari na masafa sawa, ni matundu ya ribiti. Fundi aliyajaza fila kwa nje akapaka rangi. Fila hunywa maji. Nyuma ya tundu maji ya tairi yanapiga kila siku ya mvua, fila inakunywa, bati linapiga kutu chini yake, rangi inainuka. Hakuna dawa ya juujuu. Kwangua, chomelea, weka praima (rangi ya chini) ya epoksi, ndipo fila nyembamba, kisha praima na rangi.

Malengelenge yakiwa yametawanyika ovyo, chanzo ni kingine. Bati lilikuwa na chumvi au unyevu siku ya kupuliza. Hapa kwetu bati lililosafishwa asubuhi likiachwa wazi usiku mmoja linaamka na wekundu. Lioshe kwa maji ya mfereji, si ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Likaushe, lifute, na praima iingie siku hiyohiyo. Masika rangi huweza kukauka ikiwa na ukungu mweupe. Subiri jua litoke, mteja akasirike.

GARI LIMERUDI BARABARANI NA HALIENDI KAMA ZAMANI

Magurudumu mapana yalikuja na bodikiti na lazima yaondoke nayo. Tairi ikitokeza nje ya bodi itarusha mawe kwenye rangi yako mpya na kwenye kioo cha anayekufuata, na polisi wa kwanza barabara ya Mombasa atakuwa na la kusema.

Ukirudisha rimu za kawaida na usukani ukatetemeka kuanzia kasi ya 80 hivi, kabla ya kulaumu balansi vua gurudumu utazame tundu la katikati. Impreza ina kitovu cha milimita 56.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1 linalojazwa kwa pete ya plastiki. Pete ikipotea, gurudumu linakaa juu ya nati tu, pembeni kidogo ya katikati. Nunua pete. Tazama pia nati zenyewe. Rimu nyingi za alumini za Toyota za zamani hutaka nati yenye wosha bapa, na za dukani hutaka yenye koni. Ukizichanganya, zinakaza kwa hila tu.

Lililo baya kuliko yote halitetemeshi chochote mwanzoni. Ukitoa spesa, lile bamba la kusogeza gurudumu nje, stadi (bolti za gurudumu) zile ndefu zilizowekwa kwa ajili yake zinabaki. Nati iliyozibwa kichwa inafika mwisho wa stadi kabla haijaibana rimu. Spana inakuambia imekaza, kumbe gurudumu linacheza. Siku ya pili unasikia tok-tok kwenye kona, ya tatu huenda ukaliona gurudumu lako likikupita. Kwa hiyo baada ya kukaza, shika tairi juu na chini ulitikise, na kama stadi ni ndefu tumia nati zilizo wazi au rudisha stadi za asili. Kaza kwa spana ya kipimo. Kwa Subaru ni kama Nm 100, na ukaze tena baada ya kilomita 50, yaani hata Kilifi hujafika.

Gari likivuta upande mmoja, au tairi likiisha upande wa ndani, magurudumu yalilazwa ili yaingie chini ya bodikiti na hakuna aliyeyasimamisha. Peleka kwenye mashine ya alaimenti. Taa ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ikiwaka, fuata waya wa sensa ndani ya upinde. Mara nyingi ulifungwa na kamba ya plastiki kwenye bodikiti, ukakatwa au ukavutwa siku ya kuvua. Mawe yakisikika kama mvua ya kokoto ukipita njia ya Mambrui, ni zile plastiki za ndani zilizotupwa. Zitafute.

Na maji kwenye buti. Mteja atakwambia ni mpira wa mlango wa buti. Toa zulia, mweke kijana ndani na tochi, funga, wewe piga maji ya mpira kwenye upinde wa nyuma kwa nje, ukianzia chini ukipanda taratibu. Akigonga mara moja, simama hapo hapo. Mshono uko mbele ya pua yako.

Vipande vya bodikiti visitupwe. Nyufa zake huzibwa na mafundi wa mashua za faibaglasi, na hapa Malindi na Watamu hawakosekani. Mkono wao kwa kitambaa na gundi unazidi wa wengi wetu wa magari. Vya kijana wangu vilikaa juu ya dari ya gereji siku kumi na mbili, gari lake likingoja ubavu. Alipokuja kulichukua alilizunguka mara mbili, akapitisha kidole ndani ya upinde, akainua macho darini.

"Fundi, hivi nikivirudisha kwa utepe tu, bila kukata?"

Nilimwambia avishushe mwenyewe.